Siku Nane

Chumba changu kiko Tononoka, ghorofa ya tatu.
Feni ina bawa moja lililopinda,
na kompyuta inaotesha mahindi bila jembe:
sekunde kumi na moja, kutoka punje hadi gunia.
Humu hamna nyani, hamna funza wa bua,
hamna anayeshika kiuno akiinuka.

Kazi yangu ni kubonyeza,
kama tabibu juu ya tumbo la mtoto asiyejua kusema:
hapa panauma? Na hapa?
Nachukua kigezo kimoja, nakipandisha asilimia kumi,
vingine vyote naviamuru vitulie,
kisha natazama kama mavuno yatakunja uso.

Mbolea, napunguza. Shamba kimya.
Upana wa jani, naongeza. Linatabasamu, linasahau.
Jua. Linageuka ubavu.
Maji yanayoshikwa na udongo wa kichanga:
hapo linashtuka, mstari unaporomoka
kama mtu aliyekosa ngazi gizani.
Nikaandika, *mchanga haukopeshi.*
Daktari Saumu Lali akapitisha kalamu nyekundu:
“Andika unyevu wa udongo, wa pili kwa unyeti.
Ushairi peleka kwenu.”

Wa kwanza ulikuwa tarehe ya kupanda.

Takwimu za kulinganishia zilitoka Mwakirunge,
nyuma ya jaa la taka,
ekari moja na robo ya shangazi yangu Mbeyu.
Nilimsimikia kipimamvua juu ya kigingi.
Kila asubuhi alinisomea kwa simu:
“Leo kumi na mbili, Ngowa.
Leo sufuri, na kunguru amekunya ndani.”

Mvua za mwaka zilianguka tarehe tatu Aprili.
Kwenye jedwali, safu ya nne, siku ya kupanda: kumi na moja.
Nikadhani amekosea. Nikampigia.
“Sikukosea. Mbegu zilikuwa kwako.”

Zilikuwa kwangu.
Mfuko niliounua Kongowea, kilo kumi na mbili,
niliusukuma chini ya meza hii
nikaufanya mahali pa kuegemeza miguu.
Siku nane nilikuwa nasawazisha modeli.
Siku nane nilimwambia kesho, shangazi, kesho,
na udongo ulilainika, ukafunguka,
ukangoja, ukaanza kufunga tena.
Ngojangoja, walisema, huumiza matumbo.
Hawakusema ya nani.

Nikairudia kompyuta. Nikaipa tarehe tatu.
Sekunde kumi na moja: gunia tisa.
Nikaipa kumi na moja. Gunia tano.
Nikaihonga: nikamwaga mbolea,
nikamgawia shangazi udongo mweusi asiokuwa nao,
nikamteremshia mvua ya Kericho.
Zilirudi mbili, kwa shingo upande.
Nikafuta yote. Hakuna aliyeniona.

Jumamosi nilikwenda. Ghalani nilihesabu tano,
la tano limefungwa katikati, kama kiuno.
Kwa hiyo modeli ni nzuri. Inasema kweli.
Ningefurahi, ndiyo kazi niliyosomea.
Alinichomea hindi lenye mapengo,
akaniuliza mashine imesemaje.
“Inasema tarehe ya kupanda ndiyo nyeti kuliko vyote.”
Akageuza hindi juu ya makaa.
“Hilo hata kuku wangu analijua,” akasema,
kisha akanichagulia upande wenye punje nyingi.

Leo ripoti iko karibu kwisha.
Daktari ameongeza safu mpya: *sababu ya kuchelewa.*
Mashamba mengine yamejazwa,
trekta, msiba, homa, ada ya shule.
La Mwakirunge liko tupu, kishale kinapepesa.
Ni usiku, feni inakwaruza,
na chini ya meza miguu yangu
bado inautafuta ule mfuko.